“Mbona hakuna kinachotokea?” Kuzielewa filamu na tamthilia za Kijapani

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la kuwekea muvi kwenye flashi, jirani na stendi, nikamwomba kijana aliyekuwapo aniwekee chochote cha Kijapani. Hakusita, akanijazia flashi. Nilipofika nyumbani nikakuta tamthilia mbili za Kikorea, filamu ya kungfu kutoka Hong Kong, katuni za Naruto na sehemu zote za Shōgun, ambayo ni kazi ya kampuni ya Marekani. Katika mzigo wote ule, cha Kijapani hasa kilikuwa zile katuni.

Simlaumu. Mkanganyiko huu nausikia kila mahali pa mazungumzo ya filamu, hata kwa watu waliotazama mengi. Na wale wachache waliobahatika kuipata filamu ya Kijapani yenyewe huja na malalamiko yaleyale: inakwenda polepole, watu hawasemi wanachotaka, imeisha ghafla, na katika tamthilia za televisheni wanaigiza kama wako jukwaani. Mama yangu mdogo nilipomwekea filamu ya mwaka 1953, baada ya nusu saa aliniuliza, “Mwanangu, mbona hakuna kinachotokea?” Saa moja baadaye alikuwa amejifuta machozi kwa pindo la kanga. Kati ya swali lile na machozi yale kuna jambo la kufafanua, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na majina, maana vurugu nyingi zinatoka hapo. Anime ni katuni za Kijapani, na nyingi zimetokana na vitabu vya hadithi za picha vinavyoitwa manga. Tamthilia ya televisheni yenye waigizaji wa kweli Wajapani huiita dorama, neno la kigeni waliloliongezea irabu ili likae vizuri mdomoni, kama sisi tulivyofanya kwa kilabu na baiskeli. Filamu nazo wenyewe huzigawa makundi mawili makubwa: jidaigeki, yaani za enzi za kale, zenye samurai, panga na majumba ya mabwana, na gendaigeki, za maisha ya siku hizi. Samurai wengi unaowaona wako katika kipindi cha Edo, kilichoanza mwaka 1603 na kumalizika 1868.

Baada ya majina, tutenganishe nchi. Tamthilia ya Squid Game ni ya Korea Kusini. Inayofanana nayo, Alice in Borderland, ndiyo ya Japani, na ilitangulia kuonyeshwa: ilitoka Desemba 2020, na ile ya Wakorea Septemba 2021. Shōgun ya mwaka 2024 ina waigizaji wa Kijapani na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kijapani, lakini ilipigwa picha Kanada kwa fedha za Marekani, na ndiyo maana mwendo wake ni wa Kimarekani. Kuna pia hadithi zinazohama nyumba. Aliyeipenda Boys Over Flowers ya Wakorea ya mwaka 2009 ajue kwamba chanzo chake ni manga ya Yoko Kamio iliyoanza 1992. Taiwan waliifanya tamthilia mwaka 2001, Japani wenyewe 2005, ndipo ikafika Seoul.

Kwa nini zinaisha upesi

Mtu aliyezoea tamthilia za Kituruki au za Kifilipino akifika sehemu ya 10 ya dorama na kukuta imekwisha, hujiona kama ameibiwa. Sababu yake iko kwenye ratiba. Vituo vya televisheni vya Japani vimegawa mwaka vipande vinne, vinavyoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tamthilia ya jioni hutoka mara moja kwa wiki, na kipande kikiisha huondoka ili mpya iingie. Kwa hiyo nyingi zina sehemu 9 hadi 12, kila moja ikiwa na dakika 45 hivi ukiondoa matangazo. Ni kama fremu ya duka yenye mkataba wa miezi mitatu: uuze sana, usiuze, siku ikifika unakabidhi ufunguo na mwenzako anaingiza bidhaa zake.

Mkataba mfupi huibadili biashara yenyewe. Mara nyingi mwandishi mmoja huandika tamthilia nzima, na tangu siku ya kwanza anajua ana majuma mangapi. Hana nafasi ya kumfufua marehemu, wala ya kuleta pacha aliyepotea, wala ya kumpeleka shujaa hospitali mara tatu kusubiri hadithi isogee. Chukua Mother, ya kituo cha NTV, mwaka 2010, iliyoandikwa na Yuji Sakamoto. Mwalimu mmoja anamkuta mwanafunzi wake mdogo ametiwa ndani ya mfuko wa taka, nje ya nyumba, usiku wa baridi, na mama yake mzazi. Anaamua kumtorosha mtoto na kujifanya ndiye mama yake. Hadithi ile Wajapani waliimaliza kwa sehemu 11. Waturuki walipoinunua na kuitengeneza upya kwa jina la Anne, mwaka 2016, ilifika sehemu 33, tena kila moja ndefu kuliko ya Kijapani zaidi ya mara mbili. Nimezitazama zote mbili. Ya Kituruki inakupa muda wa kuishi na watu wale mpaka wanakuwa majirani zako, na hilo si jambo dogo. Ya Kijapani inakata. Kuna mahali mtoto anaandika orodha ya vitu anavyovipenda kwenye daftari, na orodha ile ilinifuata jikoni, ikanifuata kazini.

Wakati mwingine ufupi huo huacha watu midomo wazi hata huko kwao. Hanzawa Naoki, ya kituo cha TBS, mwaka 2013, inamhusu mfanyakazi wa benki anayelipiza kisasi kwa wakubwa waliomwonea. Sehemu ya mwisho ilitazamwa na asilimia 42.2 ya kaya katika eneo la Tokyo na mikoa jirani. Shujaa anashinda, adui anapigishwa magoti mpaka paji la uso linafika sakafuni, halafu, wakati kila mtu anasubiri apandishwe cheo, anahamishiwa kampuni nyingine. Mwisho. Mwendelezo ulikuja 2020, miaka 7 baadaye.

Zipo ndefu pia. Shirika la utangazaji la umma, NHK, lina aina mbili zinazojitegemea. Taiga, neno lenye maana ya mto mkubwa, ni tamthilia ya historia inayooneshwa kila Jumapili kwa mwaka mzima, zilianza 1963. Asadora ni tamthilia ya asubuhi, dakika 15 tu kwa siku, kwa kawaida nusu mwaka, zilianza 1961. Watu huitazama wakinywa supu, kama wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Katika asadora ndipo alipotoka Oshin, na hapa naomba nikae kidogo. Ilianza Aprili 1983 ikaisha Machi 1984, sehemu 297, kalamu ya Sugako Hashida. Inamfuata mtoto wa mkulima maskini wa kaskazini, anayetolewa kwenda kuwa mtumishi akiwa na miaka 7 kwa malipo ya gunia moja la mchele, mpaka anapokuwa bibi mwenye maduka. Huko Japani, siku iliyotazamwa zaidi, ilifikia asilimia 62.9. Baadaye ikaoneshwa katika nchi zaidi ya 60. Nchini Iran ilipendwa hata watu wakaanza kuyaita maduka ya mitumba kwa jina la familia aliyoolewa Oshin, Tanokura, ambalo wao hulitamka Tanakura, kwa sababu kuna wakati katika hadithi anaishi kwa biashara ya nguo. Anayesema hadithi za Wajapani haziwezi kumgusa mtu wa mbali na awaulize Wairani.

Kimya chenye maneno

Sasa tufike kwenye lawama kubwa, ile ya mama mdogo.

Wajapani wana neno fupi, ma. Ni nafasi iliyo kati ya vitu: kati ya sauti na sauti, kati ya jibu na swali. Herufi yake inachorwa mlango, na ndani ya mlango jua, kama mwanga unaopenya kwenye upenyo. Mwanga unauona kwa sababu upenyo upo. Katika filamu nyingi za kwao kimya kinachofuata sentensi ni sehemu ya sentensi, na ukikiruka umeruka habari. Wana pia msemo wa “kusoma hewa”, yaani kuhisi kilichomo chumbani bila kuambiwa. Na wanatofautisha honne, lililo moyoni, na tatemae, linalosemwa mbele za watu ili amani iwepo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri mbali kulielewa hili. Mwanamke wa Tanga au Zanzibar akijifunga kanga yenye maneno aliyoyachagua, akapita taratibu mlangoni kwa jirani, hajatamka kitu. Jirani amesikia yote. Akitaka kumshtaki, atamshtaki kwa lipi? Na ukiingia kwa watu ukawakuta mezani wakakwambia “karibu chakula”, nawe una njaa ya tangu asubuhi, unajibu “ahsanteni, nimeshakula”. Hujasema uongo na wao hawajadanganyika. Watazamaji waliolelewa na mafumbo ya taarabu na maneno ya kanga wanao ufunguo wa sinema ya Kijapani mfukoni. Tatizo ni kwamba tumezoeshwa na filamu za mapigano kutazama kwa jicho jingine, lile linalosubiri mlipuko.

Filamu niliyomwekea mama mdogo ni Tokyo Story, ya Yasujiro Ozu. Mwaka 2012 waongozaji wa filamu walioulizwa na jarida la Sight & Sound la Uingereza waliichagua kuwa filamu bora kuliko zote. Kisa chake kinaelezeka kwa pumzi moja. Wazee wawili wanaoishi Onomichi, mji wa bandari kusini, wanapanda treni kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao. Mtoto mmoja ni daktari, mwingine ana saluni. Wote wana kazi nyingi. Baada ya siku chache watoto wanachanga fedha na kuwapeleka wazazi wakapumzike Atami, mji wa chemchemi za maji moto. Huko kuna kelele za vijana wanaocheza mahjong usiku kucha. Asubuhi wazee wanaketi juu ya ukuta wa bahari, wamevaa mavazi mepesi ya hoteli, migongo imetugeukia. Mzee anasema twende nyumbani. Mkewe anainuka, kizunguzungu kinamshika, anashika ukuta, kisha anasema si kitu.

Hapo ndipo mama mdogo aliposema, “Wamefukuzwa kwa adabu.” Hakuna mtu katika filamu nzima aliyetamka neno kufukuzwa. Hakuna aliyewakaripia wazee. Walilipiwa hoteli! Lakini yeye alikuwa ameisoma hewa, na toka hapo hakuuliza tena kitu.

Anayewatendea wema ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Anaishi chumba kimoja. Anaomba ruhusa kazini ili awatembeze mjini, na wakifika kwake anakwenda kwa jirani kuazima sake, pombe ya mchele, ya kumkaribishia mkwe. Kuazima kile kinachukua sekunde chache tu kwenye filamu. Kwa mtu aliyewahi kutumwa kwa jirani kuomba sukari kwa sababu mgeni ameingia, sekunde zile zinatosha.

Mama anafariki baada ya kurudi Onomichi. Yule daktari na dada yake mwenye saluni walikuja na nguo za msiba kwenye mabegi. Noriko hakuja nazo. Ozu haoneshi kidole, anatuambia tu nani alifungasha nini. Alfajiri ile baba hayumo ndani, Noriko anamkuta nje anatazama bahari. Anasema mapambazuko yalikuwa mazuri sana, na kwamba leo tena kutakuwa na joto. Mtazamaji aliyezoea kilio cha kugaragara atadhani mzee hana uchungu. Lakini kwa ndoa ya miaka yote ile, mtu huyu ameona jua likichomoza siku ya kwanza bila mkewe, na hana maneno mengine ya kuyasema. Baada ya mazishi, wakiwa bado kwenye chakula, binti mwenye saluni anaomba apewe mkanda wa kimono wa marehemu. Huo nao ni msiba tunaoujua, wa kugawana vitu kabla udongo haujakauka.

Ozu aliweka kamera chini, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye mkeka. Ni mahali ambapo mgeni wa nyumba angekaa. Kamera yenyewe haihamihami, na kati ya tukio na tukio huweka picha tupu: nguo kwenye kamba, bomba la moshi, meli inapita. Mkishatoka chumbani yeye hubaki kidogo.

Usidhani Wajapani wote hutengeneza hivi. Akira Kurosawa, wa zama zilezile, alipenda mvua ya kishindo na farasi. Seven Samurai yake ya 1954 Wamarekani waliigeuza kuwa filamu ya wachunga ng’ombe mwaka 1960. Lakini mkondo wa kimya haujakauka. Hirokazu Kore-eda alichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 2018 kwa Shoplifters, kuhusu watu maskini wanaoishi kama familia bila kuwa familia. Drive My Car ya Ryusuke Hamaguchi, iliyopata Oscar mwaka 2022, ina dakika 179, na majina ya waigizaji yanajitokeza baada ya kama dakika 40, wakati wengine wameshakata tamaa kwamba filamu itaanza.

Yanayopotea kwenye maandishi

Wengi wetu tunazitazama kwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kiingereza kinazipunguzia ladha mahali ambapo Kiswahili kingezihifadhi. Wafanyakazi wakiachana jioni husema otsukaresama. Maandishi huandika “kazi nzuri” au “kwaheri”. Sisi tungesema “pole na kazi”, na tungekuwa tumemaliza. Mtu akirudi nyumbani husema tadaima, naye aliyemo ndani hujibu okaeri; ni kubisha na kupokelewa. Katika filamu nyingi za familia, siku mtu anasema tadaima na hakuna wa kujibu, hadithi nzima imo ndani ya ukimya huo, na maandishi yanaandika “nimefika” basi.

Majina ya undugu nayo hufanya kazi kama kwetu. Mwanamke mtu mzima asiyekuhusu unamwita obasan, shangazi, mwanamume, ojisan. Kijana akimwita mwenye mgahawa “dada mkubwa”, Mswahili hashangai, ila msomaji wa Kiingereza anadhani ni ndugu wa damu. Katika mapenzi, watu wanaweza kuitana kwa jina la ukoo kwa muda mrefu. Siku mmoja anapotamka jina la kwanza la mwenzake, bila heshima ya san nyuma yake, hilo ni tukio kubwa kuliko busu, na mara nyingi maandishi hayalioneshi kabisa kwa sababu yamekuwa yakitumia jina la kwanza tangu mwanzo. Neno zito la “nakupenda”, aishiteru, hutamkwa kwa nadra. Wanatumia suki, jepesi zaidi. Wazee wetu nao ni wangapi waliambiana “nakupenda” mbele ya watoto? Waliulizana kama chakula kimeliwa.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa shule Japani huanza Aprili, na maua ya mcheri Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Ndiyo maana ukiyaona maua yale kwenye tamthilia, jua kuna mtu anaanza au kuna mtu anaondoka. Siku ya kuhitimu, msichana akimwomba mvulana kifungo cha pili cha koti la shule, ametangaza mapenzi, kwa kuwa kifungo hicho ndicho kilicho karibu na moyo. Sauti kali ya nyenje maana yake ni kiangazi, na kiangazi kwao ni msimu wa marehemu: Agosti 6 ni siku ya Hiroshima, Agosti 9 ya Nagasaki, Agosti 15 vita viliisha, na katikati ya mwezi huohuo ndipo sehemu nyingi za nchi huadhimisha Obon, wakati roho za wahenga zinaaminiwa kurudi nyumbani. Nyenje wakilia nyuma ya mazungumzo ya kawaida, mtazamaji wa Kijapani tayari ameshainamisha kichwa.

Na lile kabati dogo lenye picha, ambapo mtu hupiga magoti, anagonga kikengele na kuunganisha viganja? Nimesikia watu wakisema “wanaabudu picha”. Kabati hilo ni butsudan, altare ya Kibudha ya nyumbani. Hapo familia huwakumbuka waliotangulia, huwawekea wali, huwasimulia habari za siku. Anayezuru kaburi la mzazi wake na kuzungumza naye kidogo kabla ya kuondoka ataelewa.

Kuna imani moja inayopotosha kuliko zote, kwamba Wajapani hawana hisia. Wapo mtaani kwao watu kama Tora-san, mchuuzi mzururaji wa mfululizo wa filamu 48 alizoigiza Kiyoshi Atsumi kati ya 1969 na 1995: anapiga kelele, anapenda mwanamke mpya kila filamu, anagombana na mjomba wake mezani, analia, anaondoka na sanduku lake. Nchi nzima ilimpenda. Ukweli ni kwamba hadithi za Kijapani zina milango miwili, wa kimya na wa kelele, na ndiyo maana malalamiko ya watazamaji wetu yanapingana: mmoja anasema hawaoneshi hisia, mwingine anasema wanazidisha.

Wanaozidisha ni wa televisheni, na wana asili yao. Tamthilia nyingi zimetoka kwenye manga, ambako jicho huchorwa kubwa kama sahani na mshangao huwa na mistari pembeni, na mwigizaji hujaribu kuuleta mchoro kwenye uso wake. Nyuma ya manga kuna kabuki, tamthilia ya jukwaani iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 17, yenye mtindo wa mie: mwigizaji anaganda ghafla, anakaza macho, na watazamaji wanaguta jina la nyumba yake ya kabuki. Baadhi ya waigizaji wa Hanzawa Naoki, kama Teruyuki Kagawa na Ainosuke Kataoka, ni wa kabuki pia. Ukiona mkurugenzi wa benki anatetemesha mashavu kwa hasira nusu dakika nzima, anafanya kitu ambacho hadhira yake ilishakilipia kiingilio kwa miaka mia nne.

Hata kimya cha sinema yao hakikuwa cha asili. Enzi za filamu zisizo na sauti, Japani ilikuwa na watu wanaoitwa benshi, waliosimama kando ya kitambaa wakisimulia, wakitoa sauti za wahusika wote na kuongeza chumvi. Wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji, na nguvu yao ni moja ya sababu filamu za bila sauti zilidumu huko hadi katikati ya miaka ya 1930. Kaka yake Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Sauti ilipoingia kazi ikaisha, naye akajiua mwaka 1933. Sisi tuliomsikiliza Lufufu akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, au DJ Afro kule Kenya, tunaijua sanaa hii kwa ndani. Natamani siku moja mtu wa namna ile aichukue filamu ya Kijapani. Atapata taabu na Ozu, lakini ningelipa kumsikia akimsimulia Tora-san.

Anayetaka kuanza nampa njia ninayoiamini. Aanze na Midnight Diner, tamthilia ya mgahawa wa uchochoroni Shinjuku, Tokyo, unaofunguliwa saa 6 usiku hadi saa 1 asubuhi. Mwenye mgahawa ana chakula kimoja kwenye orodha, ila atakupikia unachotaka kama vitu vipo. Kila sehemu ni fupi, mtu mmoja na chakula chake, na ndani ya wiki utakuwa umeshauzoea mwendo wa maneno machache. Kisha Mother. Kisha Okuribito, ya Yojiro Takita, iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2009.

Hiyo ya mwisho nilimwekea mjomba wangu, ambaye miaka mingi amekuwa mwosha maiti msikitini kwetu. Inamhusu mpiga zeze kubwa aliyepoteza kazi Tokyo, akarudi kwao Yamagata na kuajiriwa kuwaandaa marehemu kabla ya kuwekwa kwenye jeneza. Anawafuta mwili na kuwabadilisha nguo mbele ya familia zao. Mkewe alipojua, alimwambia asimguse, ni mchafu. Mjomba aligeuka akanitazama, akasema siku alipoanza kazi ile kuna mtu mzima alikwepa mkono wake barazani, na hajamsahau.

Kisha ikaja sehemu ambapo kijana anamvua marehemu nguo akiwa amemfunika, mikono inapita chini ya kitambaa, na hakuna ngozi inayoonekana. “Hakuonesha hata bega,” mjomba alisema. “Anaijua kazi.” Akaniomba nirudishe nyuma. Tukaitazama mara tatu, ya mwisho akiwa amepunguza sauti mpaka chini kabisa.